Herpesi kwenye damu bila dalili: jinsi ya kusoma karatasi ya majibu

Ukiletewa majibu yenye neno "chanya" na mwilini huoni chochote, usimtuhumu mwenzako bado. Mimi kwanza huangalia ni IgG au IgM (aina mbili za kingamwili, yaani askari wa mwili dhidi ya maambukizi), ni HSV-1 au HSV-2 (aina mbili za kirusi cha herpesi; ya kwanza mara nyingi hukaa mdomoni, ya pili sehemu za siri), na namba iliyoandikwa mbele yake.

IgM iweke kando. Huweza kuonekana hata kwa mtu aliyeambukizwa miaka mingi nyuma, na aghalabu haitofautishi aina mbili za kirusi. Kuitumia kama ushahidi kwamba mtu ametoka nje ya ndoa ni dhuluma.

IgG ya HSV-1 ni jambo la kawaida mno: Shirika la Afya Duniani linakadiria watu bilioni 3.8 walio chini ya miaka 50 wanacho kirusi hicho, wengi tangu utotoni. Damu haisemi kama kimekaa mdomoni au sehemu za siri.

Kazi kubwa iko kwenye IgG ya HSV-2. Kwa vipimo vingi vya maabara, chini ya 0.9 ni hasi, 0.9 hadi 1.1 haieleweki, juu ya hapo ni chanya. Lakini kati ya 1.1 na 3.0 majibu mengi huwa si ya kweli, kwa sababu kingamwili nyingine hunasa kwenye kipimo. Tafiti za Uganda na Kenya zimeonyesha kosa hili ni kubwa zaidi kwa watu wa huku Afrika Mashariki, ndiyo maana baadhi ya watafiti walipandisha kiwango cha kuita majibu chanya hadi 3.5. Namba yako ikiwa chanya lakini ndogo, omba kipimo cha aina nyingine. Kurudia kilekile huweza kurudia kosa lilelile. Na kama hofu yako ni ya tendo la karibuni, pima tena wiki 12 zikishapita, kwani kingamwili huchelewa. Namba kubwa, kwa upande wake, haina maana ya ugonjwa mkali.

Ikithibitika, kirusi kimejificha kwenye mishipa ya fahamu karibu na uti wa mgongo, na hutoka kwenye ngozi kimyakimya. Kwa wasio na dalili, HSV-2 imeonekana sehemu za siri takribani siku 1 kati ya 10. Chunguza vijichubuko na miwasho unayodhani ni fangasi au wembe. Kikitokea kidonda, wahi ndani ya saa 48 kichukuliwe sampuli ya PCR (kipimo kinachotafuta kirusi chenyewe) kabla hakijakauka.

Kondomu hupunguza maambukizi, ila haifuniki ngozi yote. Valasaiklovia (dawa ya kuzuia kirusi cha herpesi) miligramu 500 kila siku ilipunguza uambukizaji kwa karibu nusu kwa wenzi wasio na VVU. HSV-2 pia huongeza uwezekano wa kuambukizwa VVU takribani mara tatu, kwa hiyo pimeni na hicho.

Mjamzito amweleze mkunga mapema. Hatari kubwa kwa mtoto ni mama kuambukizwa upya miezi ya mwisho. Kama baba anacho na mama hana, wasijamiiane kipindi hicho, kwa mdomo pia.