Darasa sio mwalimu, na ile asilimia 30 sio kisingizio

Wiki hii nimeisikia tena. Kikao cha maoni ya bajeti, ukumbi umejaa, mheshimiwa kashika maiki anasema kaunti haijawahi kuwajali watoto wadogo kama sasa, na ushahidi wake ni madarasa, ya wodi hii, ya wodi ile, makofi. Mama mmoja akauliza, sasa mwalimu je? Akajibiwa sheria inataka asilimia 30 ya pesa iende kwa maendeleo kwa hivyo idara haiwezi kuajiri. Basi, ukumbi kimya, mama akakaa.

Mimi kazi yangu ni kusoma bajeti za kaunti, hasa zile kurasa za ECDE, yaani elimu ya chekechea, ambazo watu wengi wanazipita haraka, na nawaambia hilo jibu halijakosewa kidogo tu, ni kosa tupu. Na linawanyima watoto walimu mwaka baada ya mwaka.

Nianze na ya haraka. Katiba ya Kenya ya 2010, Jedwali la Nne, Sehemu ya Pili, kipengele cha 9, inaipa kaunti elimu ya chekechea, vyuo vya ufundi vya vijijini na vituo vya kulelea watoto. Grade 1 kwenda mbele ni serikali kuu, walimu wa TSC, ile tume ya taifa ya kuajiri walimu. PP1 na PP2, ile miaka miwili ya chekechea kabla ya Grade 1, ni za gavana. Hapo hakuna mjadala, tuendelee.

Sasa hiyo asilimia 30. Iko kwenye Sheria ya Usimamizi wa Fedha za Umma ya 2012, kifungu cha 107, na inasema kwa kipindi cha kati, yaani miaka kadhaa kwa pamoja, angalau asilimia 30 ya bajeti ya serikali ya kaunti itengewe matumizi ya maendeleo. Ya serikali ya kaunti, yaani kaunti nzima, jumla ya idara zote kwa pamoja. Haisemi kila idara. Haisemi kila kurugenzi. Idara ya barabara inaweza kuwa na asilimia 80 ya maendeleo manake kazi yao ni lami na madaraja, idara ya maji vilevile, halafu chekechea ikabeba karibu pesa yake yote kwenye matumizi ya kawaida, mishahara, uji, vitabu, kalamu za rangi, na kaunti bado ikavuka 30 bila shida yoyote. Ukimwona mtu wa hazina ya kaunti anamwambia mkurugenzi wa ECDE "thelathini yako lazima iwe ujenzi", mwambie akuonyeshe hicho kifungu kinachosema hivyo. Hatakuonyesha, hakipo.

Kibaya zaidi ni jinsi sheria yenyewe inavyogawa hizo hesabu. Matumizi ya maendeleo ni yale ya kuunda au kufufua rasilimali, basi jengo linaingia, mwalimu haingii. Ndio maana kwenye kitabu cha bajeti utaona ukurasa mzima "ujenzi wa darasa la ECDE, wodi fulani", mstari baada ya mstari, kila MCA, mwakilishi wa wodi, na darasa lake, halafu ukitafuta vifaa vya kujifunzia unapata kamstari kamoja ka kaunti nzima, ukikagawa kwa idadi ya watoto unapata pesa ambayo haitoshi hata daftari. Jiwe la msingi linawekewa jina la mtu. Mshahara wa mwalimu hauwekewi jina la mtu. Sidhani kuna siri nyingine hapo.

Nataka mwone kinachotokea. Kuna kijiji cha Pwani nilikofika, darasa jipya, mabati ya rangi, madirisha ya grili, na viti vile vidogo vya plastiki bado vimefungwa nailoni, vimepangwa pembeni. Kufuli mlangoni. Watoto 80 hivi wako kwenye chumba cha zamani upande wa pili, PP1 na PP2 pamoja, mwalimu mmoja, wa mkataba, na ukimuuliza mbona hamhamii kule anasema nikienda kule na nusu, hawa wengine nani atawaangalia. Nenda chooni. Shimo limechimbwa kwa kipimo cha mtu mzima, mtoto wa miaka minne anaogopa kutumbukia, kwa hivyo mwalimu inabidi awapeleke mmoja mmoja awashike mkono, na kila akitoka darasa linabaki peke yake. Koki ya kunawia iko juu, mtoto haifikii. Hilo jengo limekaguliwa, limelipwa, limezinduliwa, na hakuna mtu katika hatua zote hizo aliyejiuliza mtumiaji ana urefu gani.

Kuna hoja nyingine ambayo ina ukweli ndani yake, nisiidharau: mishahara. Kanuni za 2015 za sheria hiyohiyo zinasema mishahara na marupurupu yasizidi asilimia 35 ya mapato ya kaunti, na hii nayo ni ya kaunti nzima. Afya ilipogatuliwa 2013 manesi na madaktari walikuja na mishahara yao, na kaunti nyingi ziko juu ya 35 kabla hata hujamtaja mwalimu wa chekechea. Kwa hivyo afisa akisema hana nafasi, pengine anasema kweli. Lakini muulize mwaka huohuo kaunti imeajiri nani wengine. Fungua orodha ya ajira mpya. Kama kuna washauri, madereva na wasaidizi wa ofisi wameongezwa na mwalimu wa chekechea hakuongezwa, basi shida sio dari ya mishahara, ni nani aliyetangulizwa chini ya hiyo dari.

Na pesa za elimu zenyewe zinaenda wapi? Basari, ule msaada wa karo. Kwenye kaunti nyingi ukiondoa basari kwenye bajeti ya idara ya elimu unashtuka kilichobaki. Basari ni ya mwanafunzi wa sekondari na chuo kikuu, ambao kikatiba si kazi ya kaunti, ndio maana Januari 2025 Msimamizi wa Bajeti, Dkt. Margaret Nyakang'o, aliandikia kaunti kwamba bila makubaliano rasmi na serikali kuu pesa hizo zisitoke, magavana wakapiga kelele, mambo yakaenda hadi mahakamani na agizo likasimamishwa. Najua nikisema hivi nitatukanwa, na sisemi mtoto wa maskini aliye form three aachwe arudi nyumbani, huyo ni mtoto wetu pia. Nasema tu kaunti ni mlango wa pekee alionao mtoto wa PP1. Wa Grade 1, jirani yake kwenye uwanja uleule, anahesabiwa shilingi 1,420 kwa mwaka kutoka serikali kuu. Wa PP2 hana hata hiyo. Hata ile fomula ya tatu ya kuzigawia kaunti mapato ya taifa, ambayo Seneti ilivutana nayo mwaka 2020 mpaka watu wakachoka, iliweka afya asilimia 17, kilimo 10, barabara 8, na chekechea haikuwa na kipimo chake, ikachanganywa na huduma nyingine zote.

Halafu kuna wale wa kumtaja James Heckman, yule mwanauchumi wa Nobel, kwamba pesa unayoweka kwa mtoto mdogo inarudi mara nyingi. Wanamtaja wakitetea ujenzi! Hebu tuangalie. Ushahidi mkubwa anaoutegemea ni mradi wa Perry, mji wa Ypsilanti, Michigan, miaka ya 1960. Watoto 123 wa familia maskini za Wamarekani weusi, 58 kati yao wakapata chekechea na wengine hawakupata. Hiyo chekechea ilikuwa nini? Walimu waliosomea kazi, watoto sita hivi kwa mwalimu mmoja, na kila wiki mwalimu anaenda nyumbani kwa mtoto kukaa na mama yake. Pesa iliingia kwa watu. Hakuna aliyepata matokeo yale kwa kujenga chumba akakifunga kufuli. Na niseme jambo ambalo kwenye semina huwa halisemwi: ni watoto 123, mji mmoja, zamani sana, na mimi huwa sina raha kuchukua namba zake kuziweka Kwale au Turkana kana kwamba zitajirudia zenyewe. Naamini chekechea nzuri inasaidia, naamini kwa moyo wote, ila mtu akiniahidi faida kwa kila shilingi hadi nukta, hapo simfuati.

Chakula. Nairobi walianza Dishi na County mwaka 2023 na shirika la Food4Education, mtoto analipa shilingi 5 kwa sahani, gharama iliyobaki inajaziwa, na watoto wa chekechea za umma wamo. Hiyo ni pesa ya kila siku, haiishi kwa kuzindua, na ndio maana naiheshimu. Lakini wapangaji wajue uji ukianza kupikwa, watoto wa miaka miwili na nusu nao watakuja, wamebebwa mgongoni na dada zao, na utawafukuza vipi? Ukiweka bajeti ya chakula bila kuongeza mwalimu umeongeza watoto tu kwenye kile chumba kimoja.

Na hao wa miaka miwili ndio wanaoniuma zaidi manake Katiba imeandika vituo vya kulelea watoto, waziwazi, na kaunti nyingi hazina hata mstari mmoja. Nairobi ilipitisha sheria yake ya vituo hivyo mwaka 2017. Hapa nakiri sina msimamo wa mwisho. Ukienda Mukuru, mtaa wa mabanda wa Nairobi, kuna mama ana chumba cha mabati, watoto kumi wamelala kwenye godoro moja, mama zao wameenda viwandani, kila mmoja kaacha hela ya siku hiyo. Ukitekeleza masharti ya chumba, hewa na choo yote kesho asubuhi, unamfungia, na wale watoto wanaachwa ndani na dada wa miaka saba. Usipotekeleza, siku moto ukitokea utasema nini? Mimi naegemea kaunti impe ruzuku na mafunzo kwanza, ukaguzi mkali baadaye, ila kuna wenzangu ninaowaamini wanaosema ruzuku kwa mtu binafsi itakuwa shimo la wizi na bora kaunti ijenge vituo vyake karibu na masoko. Hoja yao ina uzito, na bado nalala nikiifikiria.

Jambo la mwisho, la kufanyia kazi. Watu wanakuja kupiga kelele baada ya Aprili 30, bajeti ikishafika bunge la kaunti. Mmechelewa. Dari ya kila idara inawekwa kwenye CFSP, ule waraka wa mkakati wa fedha, ambao lazima ufike bungeni kufikia Februari 28, na bunge lina siku 14 tu kuupitisha. Mpango wa mwaka wenyewe unatakiwa uwe mezani Septemba 1. Nendeni Septemba, nendeni Februari, na msiulize madarasa mangapi. Ulizeni walimu wa ECDE wangapi wako kazini leo, wangapi ni wa kudumu, mshahara wao wa mwezi uliopita umeingia tarehe ngapi, na uji umewekewa shilingi ngapi kwa mtoto kwa siku. Mkiambiwa hayo ni matumizi ya kawaida na asilimia 30 hairuhusu, kifungu ni cha 107, ombeni kisomwe kwa sauti hapohapo ukumbini.