Ufizi ulioachia jino hauoti tena
Wengi tumeambiwa: ufizi ukishuka, sukutua maji ya chumvi, sugua kwa bidii, utarudi. Haurudi. Chumvi hutuliza uvimbe tu, na kusugua kwa nguvu ni mojawapo ya mambo yanayoumaliza ufizi. Kinachoweza kufunika mzizi uliobaki wazi ni upasuaji, mara nyingi wa upandikizaji. Daktari hutoa kipande chembamba cha tishu, unene wa milimita 1 hadi 2 hivi, chini ya ngozi ya kaakaa, hukilaza juu ya mzizi, kisha huvuta ufizi wa jirani ukifunike na kuushona. Ganzi ya mdomoni kwa kawaida inatosha. Baadaye, ajabu, mara nyingi kinachouma zaidi ni kaakaa. Ila mfupa kati ya meno ukiwa umeshalika, mzizi haufunikiki wote.