Alama za mtajo: zilianza kunukuu, sasa zinasema "eti"

Nje ya bucha moja ninayoipita kila siku pameandikwa kwa rangi nyekundu: NYAMA "SAFI" HAPA. Mwenye bucha hana utani hata kidogo. Fundi aliyemchorea bango aliona SAFI ndilo neno la kuuzia, akalizungushia alama ili lionekane. Lakini vijana wakipita hapo wanacheka. Wao wanasoma: nyama eti safi.

Alama yenyewe ni ileile tuliyofundishwa shuleni kwa majina mengi, kila mwalimu na lake: alama za usemi, funga na fungua semi, alama za mtajo, vinukuu. Nalipenda zaidi hili la mtajo, na sababu yake itaonekana.

Kazi yake inayojulikana na wote ni kubeba usemi halisi. Ukiandika: Mama alisema, "Nitakuja kesho," umeahidi kwamba maneno yale ni ya mama na hujayagusa. Ukiyageuza kuwa usemi wa taarifa, mama alisema kwamba angekuja siku iliyofuata, basi umeyashika kwa mkono wako: nafsi imebadilika, wakati umebadilika, na "kesho" imetoweka. Alama zile mbili ni mpaka. Ndani ni mwenye maneno, nje ni wewe.

Kazi ya pili ndiyo mtajo wenyewe, yaani kulitaja neno badala ya kulitumia. Kiswahili kinalionyesha jambo hili kwa namna nzuri kupitia ngeli. Maji yamemwagika, lakini "maji" limeandikwa vibaya. Maji yale ya kwanza yanalowesha sakafu. La pili ni neno, ndiyo maana limechukua li- ya neno. Msomaji makini angejua hata alama zisingekuwapo, kwa sababu upatanisho umeshamwambia.

Alama hizi hazikuanza zikiwa vikoma viwili vinavyoning'inia juu. Katika karne ya 2 kabla ya Kristo, pale Alexandria nchini Misri, Aristarchus wa Samothrace alikuwa akihakiki tenzi za Homer, mshairi wa kale wa Kigiriki. Mstari uliostahili kuangaliwa aliuwekea pembeni alama yenye umbo la mshale, > hivi, iliyoitwa diple. Baadaye waandishi wa Kikristo waliitumia pembezoni kuonyesha kwamba maneno yale ni ya Maandiko Matakatifu. Uchapaji ulipokuja Ulaya, alama hiyo taratibu ilitoka pembezoni ikaingia ndani ya mstari, na kufikia karne ya 18 riwaya za Kiingereza zilikuwa zikiitumia kufungia mazungumzo ya wahusika. Wafaransa wakabaki na vishale vyao, « hivi », na Wajerumani wakaifungua chini na kuifunga juu.

Tenzi zetu zilizoandikwa kwa hati za Kiarabu hazikuwa na alama hizi, wala hazikuzihitaji. Mshairi alitia "akanena" au "akamwambia", msikilizaji akajua sasa anasema nani. Vikoma vilitufikia pamoja na hati za Kilatini, na kwa kuwa tulivipokea zaidi kupitia Kiingereza, tukapokea na ubishi wake: Waingereza wengi hutumia alama moja moja, Wamarekani mbili mbili. Kwa Kiswahili naona mbili ndizo zinazofaa, kwa sababu ritifaa ya ng', kile kikoma cha juu, tayari inafanana na alama moja. Jaribu kuandika 'ng'ombe' uone msomaji atakavyojiuliza ng'ombe amefungwa wapi.

Sasa turudi kwenye bucha. Ukinukuu maneno ya mtu, unasema mambo mawili kwa mpigo: haya ameyasema yeye, na haya sikuyasema mimi. Kwa muda mrefu uzito ulikuwa kwenye lile la kwanza. Siku hizi umehamia la pili. Ukiandika "mtaalamu" ndani ya alama, hakuna anayeuliza ni nani aliyemwita hivyo. Wote wameelewa kwamba wewe huukubali utaalamu wake. Ndiyo maana hata katika mazungumzo watu huinua mikono na kukunja vidole viwili viwili hewani.

Ila sisi hatukuhitaji vidole. Tuna "eti", na wengine husema "ati". Eti mtaalamu. Eti amechoka. Neno hili linaripoti na kutilia shaka kwa pumzi moja, na limekuwa likifanya hivyo mdomoni bila kusubiri wachapaji. Kwa hiyo nikitaka kujua alama fulani zimekaa vipi, huisoma sentensi kwa sauti na kutia eti mahali pake. Mkutano "wa amani": mkutano eti wa amani. Kama ndicho ulichokusudia, ziache. Kama sicho, zifute.

Kwenye magazeti mambo ni magumu zaidi, kwani pale alama moja huvaa kofia tatu. Kichwa cha habari kinaposema Kiongozi "ala njama", huenda mhariri amenukuu hati ya mashtaka, huenda anajikinga, huenda anakejeli. Anayejikinga asijidanganye: chini ya sheria za kashfa zenye asili ya Uingereza, kurudia kashfa ya mwenzako hakukutoi hatiani kwa sababu tu umeizungushia vikoma.

Neno jipya nalo huwekewa alama likiwa bado geni, kama mtu anayebisha hodi. Likizoeleka, zinaanguka. Kutumbua lilikuwa neno la majipu. Baada ya Rais Magufuli kuingia madarakani Tanzania mwaka 2015, likawa la kufukuza watumishi. Leo ukiandika kwamba mkurugenzi ametumbuliwa, bila alama yoyote, hakuna atakayekwenda kutafuta usaha.

Kwenye simu alama zimeanza kukosa kazi. Kumnukuu mtu WhatsApp hutaki tena vikoma: unaushika ujumbe wake, unajibu, na maneno yake yanakaa juu ya yako ndani ya kisanduku. Au unapiga picha ya skrini, ambayo watu huiamini kuliko nukuu yoyote japo nayo huchezewa. Kutilia mkazo kuna nyota mbili, moja kila upande wa neno, likanenepa. Na tangu 2024, ukianza mstari kwa > kisha nafasi, WhatsApp huutenga kama nukuu, jambo ambalo barua pepe zilishakuwa zikilifanya miaka mingi. Ni umbo lilelile la diple ya Aristarchus, limerudi pembezoni lilikotoka.

Kuna waandishi wa riwaya pia walioziacha kabisa, mazungumzo na masimulizi yakatiririka pamoja. Wengine huona usumbufu. Mimi nadhani msomaji wa Kiswahili ana msaada mkubwa hapo, maana viambishi vya nafsi huonyesha haraka ni nani anayezungumza.

Na nukuu isiyo na alama tunayo majumbani siku zote. Mwanamke anayejifunga kanga iliyoandikwa JAPO SIPATI TAMAA SIKATI, akapita mlangoni kwa jirani taratibu, amesema au amenukuu? Akiulizwa, atajibu kwamba kanga aliikuta dukani na maandishi yake.

Nilimweleza mwenye bucha habari ya eti. Alicheka, akaniuliza kama nyama yake nimewahi kuiona chafu. Wiki iliyofuata bango lilipakwa rangi upya. Sasa linasema: NYAMA SAFI "KABISA".