Je, wajua anayepiga kinanda kwa sikio anasikia nini hasa?

Miaka mingi niliamini hivi: mtu anayepiga kinanda kwa sikio ana masikio ya ajabu, nota ikilia tu anaijua jina, kama wewe unavyoona nyekundu ukajua ni nyekundu. Na anayesoma nota nilimuona mtu wa kukopi tu, anabonyeza kilichoandikwa huku sikio limelala. Yote mawili nilikosea, na la pili nilikosea vibaya zaidi.

Tuanze na la kwanza. Wapo kweli watu wanaotaja nota bila kuilinganisha na chochote, ila ni wachache (ile hesabu ya mmoja kati ya 10,000 inayozunguka mtandaoni usiishike sana, ushahidi wake mwembamba). Wapiga kinanda wengi wa kwaya hawana hicho kitu na wala hawakihitaji. Mwangalie wa kanisani kwenu: mwimbishaji akianzisha wimbo juu kuliko kawaida, jamaa anabonyeza transipozi (kitufe cha kupandisha nota zote kwa pamoja, nusu hatua kila ukibonyeza) mara mbili, vidole vinabaki palepale kwenye kii ya C, maisha yanaendelea. Angekuwa anafuata majina ya nota huo mchezo ungemchanganya, maana anabonyeza C masikioni inaingia D.

Anachosikia ni umbali. Ni kama kuelekezwa mtaani: ukitoka kwa muuza genge hesabu nyumba ya tano, mkono wa kushoto. Hakuna aliyekutajia namba ya kiwanja, na hata mtaa mzima ungebebwa ukapelekwa Kibaha, genge na majirani wake wote kwa mpangilio uleule, bado ungefika. Do, ile nota ya kwanza ya do re mi, ndiyo genge. So unaijua kwa jinsi ilivyokaa mbali na do, na ti ni mtu aliyesimama mlangoni mguu mmoja ndani, ukimuacha hapo kila mtu anakereka. Jaribu sasa hivi, imba do re mi fa so la ti halafu nyamaza. Umeona?

Na hata zile karatasi za kwaya za d r m f s l t zinaandika umbali huohuo, juu wanakuandikia tu do ya leo iko wapi, G au F. Mfumo ulianzia kwa Sarah Glover wa Norwich, Uingereza, John Curwen akauendeleza karne ya 19, wamisionari wakausambaza huku kwetu.

Sasa wale wasoma nota niliowaona wa kukopi, wanaosoma nota zilizochorwa kwenye mistari mitano. Mwaka 1974 John Sloboda, mwanasaikolojia wa muziki, aliwaondolea wapiga piano maandishi katikati ya wimbo: wazoefu waliendelea hadi nota saba hivi, dhaifu tatu au nne. Kwa hiyo jicho linatangulia mkono. Ila kisa ninachokipenda mimi ni cha Boris Goldovsky, mwalimu wa piano (ni kisa cha mwalimu, siyo cha maabara). Mwanafunzi wake asiyesoma vizuri alipiga nota mbovu kwenye kipande cha mtunzi Brahms, mwalimu akamsimamisha arekebishe, binti akashangaa maana ndivyo ilivyoandikwa. Kweli, kitabu kilikuwa na kosa la uchapaji, na wote waliowahi kukipiga walikuwa wameisahihisha kwa sikio bila kujijua. Goldovsky akawaita wasomaji wakali, akawaambia kabisa humu kuna kosa, litafuteni, pigeni mara mnazotaka. Hakuna aliyeliona mpaka alipowaonyesha lilipo.