Tela la tone: uzito ukae mbele

Mteja akileta karakana tela lake la tone, lile dogo la kulala safarini lenye umbo la tone la maji, akanyanyua shingo (mkono wa mbele unaofungwa kwenye gari) kwa mkono mmoja huku ananitazama kwa fahari, najua kinachofuata. "Umeona lilivyo jepesi? Limekaa sawa kabisa juu ya ekseli." Fundi aliyemchomelea fremu kamwambia hivyo, jirani yake kamwambia hivyo, na video aliyoitazama usiku kucha imemwambia hivyo. Nimechoka kulijibu jambo hili kwa mdomo. Sasa naliandika, na kwa kuwa nimeshika kalamu, nitagusa na mengine.

Dhana: Shingo ikiwa nyepesi, gari halichoki na tela linatulia.

Ukweli: Hiyo ndiyo njia ya haraka ya kupindua tela barabarani. Tela la ekseli moja linataka kitovu cha uzito wake kiwe mbele ya magurudumu. Kikiwa mbele, upepo wa lori ukilisukuma pembeni, matairi hulirudisha kwenye mstari. Kikisogea juu ya ekseli au nyuma yake, mkia ndio unaotawala: kila myumbo unazaa myumbo mkubwa zaidi, tela linapiga mkia kulia na kushoto, na baada ya sekunde chache ni tela linaloendesha gari. Mwendo ukiongezeka hali inazidi. Ndiyo maana mtu anakuapia kuwa tela lake "halina tatizo lolote", kumbe hajawahi kulivuta zaidi ya kilomita 60 kwa saa.

Marekani kipimo kilichozoeleka ni shingo kubeba asilimia 10 hadi 15 ya uzito wote wa tela likiwa limepakiwa. Ulaya wanakubali chini ya hapo, kwa sababu magari mengi ya huko yanaruhusiwa uzito mdogo juu ya tufe la kuvutia, yaani mpira wa chuma ulio nyuma ya gari ambao shingo hukaa juu yake, na mwendo wa gari lenye tela umebanwa zaidi. Popote ulipo, gari lako lina kikomo chake, kimeandikwa kwenye kitabu cha gari na mara nyingi kwenye kibao cha chuma cha kifaa cha kuvutia. Hicho hakivukwi, hata kama hesabu ya asilimia inakuambia vingine.

Kinachoniudhi ni kwamba tela la tone lina mtego wake wa kuzaliwa nao, na mtego huo ni jiko. Liko nyuma, chini ya ule mfuniko unaonyanyuka, na hapo ndipo kila mtu anapotaka kuweka maji, majiko, sufuria na sanduku la barafu. Kisha ekseli inawekwa katikati, kwa sababu bango la tairi linapendeza likiwa katikati na mlango unafunguka vizuri. Hebu tupige hesabu. Tela tupu lina kilo 500, shingo ina kilo 50, yaani asilimia 10 safi. Kutoka ekseli hadi kwenye tufe ni mita 3. Sasa weka lita 40 za maji, ambazo ni kilo 40, mita 1.2 nyuma ya ekseli. Shingo inapoteza kilo 16. Ongeza kilo 35 za vyombo na barafu mahali hapohapo, zinaondoka kilo 14 nyingine. Tela sasa lina kilo 575 na shingo imebaki na kilo 20. Hiyo ni asilimia tatu na nusu. Mwenye tela hajagusa bolti hata moja. Amepakia tu.

Dawa yake haihitaji mashine. Pakia tela kama unavyosafiri nalo, matangi yakiwa yamejaa na magodoro yakiwa ndani. Liweke kwenye sakafu iliyo sawa, zuia magurudumu kwa kabari, kisha simamisha gogo juu ya mizani ya kupimia watu na ushushe juu yake kikombe cha shingo, kile kinachovaa tufe, kikiwa kwenye kimo kilekile cha tufe la gari. Soma namba. Kimo nakitilia mkazo kwa sababu watu wanapima shingo ikiwa imeinamishwa hadi karibu na ardhi, halafu wanashangaa namba ikikataa kulingana na ya mizani ya magari.

Namba ikiwa ndogo, anza na maji. Tangi lile likitoka mita 1.2 nyuma ya ekseli na kuhamia sentimita 60 mbele yake, shingo inarudishiwa kilo 24. Betri na tairi la akiba vikae juu ya shingo. Ikiwa bado haitoshi, sogeza ekseli nyuma: kwa tela hilo la mfano, sentimita 10 tu zinaongeza kama kilo 17. Ukifanya yote mawili unafika kilo 61, na unaweza kulala usingizi. Kwa hiyo ushauri wangu, ambao naurudia hata nisipoulizwa: usiichomelee ekseli. Ifunge kwa bolti, toboa matundu ya ziada kwenye vishikizo vya springi, ujenge kila kitu, upakie, upime, ndipo uamue ikae wapi. Kila mwaka nakata ekseli zilizochomelewa mapema na kuzirudisha nyuma, na kazi hiyo siipendi.

Kuna na mdogo wake uongo huu: kwamba tela likianza kupiga mkia, kanyaga mafuta linyooke. Usikanyage. Ondoa mguu kwenye mafuta, shika usukani ukiwa umenyooka, usijaribu kuufukuza myumbo kwa kukata kulia na kushoto, acha mwendo ushuke wenyewe. Kama tela lina breki zinazoweza kushikwa peke yake, shika hizo.

Dhana: Nimeliunda mwenyewe, kwa hiyo halihusiani na usajili.

Ukweli: Sheria haiangalii nani aliliunda. Inaangalia kama liko barabarani. Taratibu zinatofautiana kweli. Uingereza tela dogo la binafsi linabeba namba ya gari linalolivuta. Ujerumani lina namba yake na linakaguliwa. Marekani kila jimbo lina utaratibu wake, na kwa kawaida tela la kuundwa nyumbani linapewa namba ya chesisi na serikali ya jimbo, mara nyingi baada ya mkaguzi kulitazama. Kachunguze kwako kabla ya kununua chuma. Huenda ukakuta upana, taa au aina ya kioo cha dirisha vimeshapangwa, na ni nafuu kujua wakati mchoro bado uko mezani.

Jenga faili tangu siku ya kwanza. Risiti ya ekseli, ya matairi, ya mabomba ya chuma, ya kikombe cha shingo. Hati ya mizani. Na picha za maungo ya fremu kabla hujafunika kwa plaiwudi, kwa sababu ukishafunika hakuna mkaguzi atakayeyaona, naye hatakubali neno lako. Waliojenga juu ya fremu ya tela kuukuu wana jambo jingine: namba iliyogongwa kwenye chuma ndiyo utambulisho wa tela hilo. Ukiisaga ili lionekane jipya, umejitafutia kesi.

Na tafadhali, kupewa namba si cheti cha usalama. Mkaguzi mara nyingi anatazama taa, namba na vipimo. Maji yako ya jikoni yeye hayajui.

Dhana: Ni dogo, halihitaji breki.

Ukweli: Ulaya mpaka ni kilo 750, na zinahesabiwa kwa uzito wa juu unaoruhusiwa, si uzito wa tela tupu. Uingereza wanaongeza sharti kwamba tela lisilo na breki lisizidi nusu ya uzito wa gari. Kwingine mipaka ni mingine. Wateja wengi wananitajia uzito waliousoma kwenye mchoro. Plaiwudi haijui kusoma mchoro.

Dhana: Silikoni inaziba kila kitu.

Ukweli: Inaziba mwaka wa kwanza. Bati la alumini lililofunika tela linatanuka juani na kunywea usiku, na silikoni inaachia pembeni polepole, maji yanaingia kwenye ukingo wa plaiwudi bila wewe kuona tone. Mbaya zaidi, pale ilipopita hakuna kinachoshika tena, si rangi, si silikoni mpya. Tumia utepe wa butili, ule wa mpira laini unaonata, chini ya vipande vya ukingo na bawaba ya mfuniko, na paka epoksi kwenye kila ukingo wa mbao uliokatwa. Tundu la skrubu nalo ni ukingo.

Dhana: Umbo la tone linakata upepo, mafuta hayaongezeki.

Ukweli: Yanaongezeka. Kinachosaidia zaidi ni ufupi wa kimo, kwamba tela limejificha nyuma ya gari. Ukilijenga likapita kimo cha paa la gari ili uweze kusimama ndani, umelipoteza hilo, hata ukilipinda kama yai.

Dhana: Taa zinapata hasi (njia ya umeme kurudi kwenye betri) kupitia tufe.

Ukweli: Zinapata leo, kesho kuna grisi na kutu. Dalili yake utaijua: unawasha indiketa, taa zote za nyuma zinapepesa pamoja. Vuta waya wa hasi kutoka kwenye plagi hadi kwenye kila taa, usitegemee fremu. Ni waya mmoja wa ziada, na bado watu wananibishia.

Dhana: Madirisha yakifungwa kunakuwa na joto zuri.

Ukweli: Watu wawili wanapumua zaidi ya nusu lita ya maji kwa usiku. Asubuhi maji hayo yapo ukutani na chini ya godoro. Tundu la hewa juu, jingine chini upande wa pili, yawe wazi hata kwenye baridi. Jiko la gesi halitumiki ndani hata kwa dakika mbili za chai: kaboni monoksidi, gesi yenye sumu, haina harufu, na chumba hicho ni kidogo kuliko kabati la nguo la watu wengine. Weka king'ora cha kuitambua gesi hiyo.

Dhana: Beringi zilikuwa mpya, kwa hiyo ziko sawa.

Ukweli: Mpya hazina maana ya kukazwa vizuri. Safari ya kwanza simama baada ya kilomita chache, uguse habu, kile kitovu cha gurudumu kinachobeba beringi, kwa mgongo wa mkono. Joto la kawaida ni sawa. Ikikuunguza, kuna grisi pungufu au nati imebana kupita kiasi, na tela haliendelei mbele mpaka habu ifunguliwe. Ukiwa hapo umeinama, kaza na nati za magurudumu upya.