Sigara ya Alasiri na tumbo jipya

Mgonjwa wangu alipanda kitandani nimpapase tumbo, na kiberiti kikamtoka mfukoni kikaanguka sakafuni. Tulikitazama wote wawili. Alikuwa amepungua kilo 38, shati linampwaya mabegani, uso umerudi ule wa ujana wake.

"Moja tu, daktari," akasema kabla sijauliza. "Baada ya Alasiri, barazani, na kahawa. Moja tu."

Miezi saba kabla ya siku ile alifanyiwa baipasi ya tumbo, upasuaji wa kupunguza uzito, huko India. Kabla ya safari aliacha sigara wiki nane, akapimwa, akaonekana safi. Mimi ndiye niliyemtayarisha, na nilimsifu sana. Sasa alikuja kwa sababu maumivu yalikuwa yakimwamsha saa nane za usiku, hapa kwenye chembe cha moyo. Mambo mawili matatu nimeyabadilisha ili asitambulike, naye ameniruhusu niandike.

Kazi yangu hapa Unguja ni kuwatayarisha watu wanaokwenda kupasuliwa ili wapunguze uzito, wengine Dar es Salaam, wengine India, wengine Uturuki, kisha kuwapokea wakirudi. Upasuaji wenyewe ni wa saa chache. Mimi nakaa nao miaka. Na katika miaka hiyo nimeona jambo linaloniuma: tunahangaika na sigara kabla ya upasuaji, wakati kipimo kipo na daktari anakusimamia, halafu tunaiacha bila mlinzi baadaye, wakati tumbo ndilo linalohitaji ulinzi zaidi.

Upasuaji unaofanyika sana ni wa aina mbili. Wa kwanza unaondoa sehemu kubwa ya tumbo, robo tatu au zaidi, na kinachobaki ni mrija mwembamba wenye umbo la ndizi, ulioshonwa ubavuni kwa mstari mrefu wa pini ndogo za chuma. Wa pili ndio baipasi: sehemu ya juu ya tumbo inatengwa ikawa kifuko cha mililita 30 hivi, sawa na vijiko viwili vya chakula, na kifuko hicho kinaunganishwa moja kwa moja na utumbo mwembamba. (Puto linaloingizwa tumboni kwa mpira wa kamera, kama wanavyofanya hospitali ya Mloganzila, Dar es Salaam, ni habari nyingine. Pale hapakatwi kitu.)

Pini hazifungi kidonda. Zinashikilia tu kingo mbili zikae pamoja mpaka mwili uzigandishe wenyewe, na mwili hauna kitu cha kugandishia isipokuwa damu inayofika pale na hewa ya oksijeni iliyomo ndani yake. Nikotini inaibana mishipa midogo ya damu, ile inayolisha kingo hizo hasa. Moshi nao unaleta kaboni monoksaidi, na hii ndiyo napenda kuieleza kwa boti ya Pemba. Chukulia damu ni boti inayopakia abiria Malindi kuwapeleka Mkoani. Oksijeni ndiye abiria mwenye tiketi. Kaboni monoksaidi anamtangulia, anakaa kwenye kiti chake, na anaking'ang'ania kwa nguvu zaidi ya mara 200 kuliko yeye. Boti ikifika Mkoani hateremki. Inarudi Malindi naye, na wenye tiketi bado wamesimama gatini.

Kile kidude tunachokubana nacho kidoleni kupima oksijeni hakimjui abiria huyo. Kinaona viti vimejaa tu, kinaandika 98. Nimeoneshwa namba hiyo na wavutaji wengi wakitaka kunithibitishia kwamba mapafu yao hayana tatizo.

Ukiacha kuvuta, nusu ya kaboni monoksaidi inatoka mwilini ndani ya saa nne mpaka sita, na siku mbili baadaye damu imeshakuwa na nafasi. Hapo ndipo watu wanapojidanganya kwamba siku mbili zinatosha. Vinyweleo vidogo vinavyofagia makohozi ndani ya mapafu vinahitaji wiki kadhaa vipate nguvu tena. Kinga inayopambana na wadudu kidondani vilevile. Mtu aliyevuta mpaka mkesha wa upasuaji akipigwa nusukaputi, anaamka na kifua kilichojaa, anakohoa, na kila akikohoa anazivuta zile pini. Damu yake pia inaganda kwa wepesi miguuni, na bado ana safari ya ndege mbele yake. Mwongozo wa mwaka 2019 wa vyama vya madaktari wa Marekani wanaoshughulika na upasuaji huu unasema uache mapema kadiri inavyowezekana, ikiwezekana mwaka mzima, na isipungue wiki sita.

Wengi wakisikia wiki sita wanashtuka. Nawauliza: Ramadhani unafunga? Anajibu bila shaka nafunga. Basi saa 13 hivi za kila siku unakaa bila hata pafu moja, mwezi mzima, mwaka baada ya mwaka, tangu ulipobaleghe. Hapa kwetu karibu na ikweta siku haipungui wala haizidi sana, kwa hiyo hesabu ni ileile kila mwaka. Tatizo lako ni lile robo saa la kwanza baada ya adhana ya Magharibi, tende imo mdomoni bado na mkono umeshakwenda mfukoni. Kwa hiyo anayeweza kusubiri namshauri apange tarehe ya upasuaji kwa kuhesabu kutoka Ramadhani. Aache usiku wa kuandama mwezi, mchana na usiku, asiipe futari sigara yake. Mwezi huo pamoja na Mfunguo Mosi wote unaoufuata ni wiki nane na siku kidogo. Anayezifunga zile sita za Mfunguo Mosi anapata na msaada wa ziada. Nimewaona wanaume waliovuta miaka 30 wakifika hivyo, kwa sababu nyumba nzima imo kwenye mpango huo na hakuna anayemshangaa.

Siku tatu za mwanzo ndizo kali. Arosto ya sigara ni kichwa kuuma, hasira, usingizi kuruka, na ile hamu inayokuja kama wimbi, inakaa dakika chache, inapita. Wiki ya pili mpaka ya nne inalegea. Kuna jambo moja ambalo watu wa Mji Mkongwe nawaambia mapema: punguza kahawa. Moshi wa sigara unaliamsha ini livunje kafeini haraka. Ukiacha sigara, ini linarudi kwenye mwendo wake wa kawaida, na vikombe vilevile vinne vya kahawa chungu vinakaa kwenye damu muda mrefu zaidi kuliko ulivyozoea. Moyo unakwenda mbio, mikono inatetemeka, hulali, unasema ni arosto, unarudia sigara. Kumbe ni kahawa. Nywa nusu yake wiki hizo, na ukitaka kitu cha kuweka mdomoni, karafuu moja inatosha, ilimradi usiimeze.

Plasta na chingamu za nikotini zinasaidia, na vidonge vya vareniklini au bupropioni vinasaidia kwa wale wanaofaa kuandikiwa. Ila mwambie daktari atakayekupasua unachotumia. Kipimo kinachofanyika ni cha kotinini, mabaki ya nikotini yanayokaa mwilini siku kadhaa, na hakitofautishi plasta na pakti. Na baada ya upasuaji chingamu ya aina yoyote iache, kwa sababu ukiimeza inaweza kuziba njia hiyo nyembamba.

Kotinini ndiyo iliyonifundisha kuuliza vizuri. Bi mkubwa mmoja alikuja kutoka Pemba, tiketi imeshakatwa, na kipimo kikaonesha tumbaku nyingi tu. Alifadhaika. "Mimi sivuti, na nyumbani kwangu havuti mtu." Alikuwa akisema kweli. Nilipomwomba tupitie siku yake tangu alfajiri, alifungua mkoba akatoa kijaluba kidogo: majani ya tambuu, popoo, chokaa, na vipande vya tumbaku vimefungwa kwenye karatasi. "Huu ni uraibu tu, daktari." Kwa wazee wetu neno hilo ndilo jina la vitu hivyo vya kutafunia, kabla vijana hawajalifanya kuwa jina la kushindwa kuacha kitu. Safari yake iliahirishwa miezi miwili, na makosa yalikuwa yangu, maana nilimuuliza kama anavuta. Siku hizi nauliza tumbaku inamwingia mtu kwa njia gani. Majibu ni mengi: tambuu, ugoro, shisha ya Ijumaa na mashoga zake. Shisha, au kiko cha maji kama walivyokiita wakubwa zetu, maji yake hayasafishi kitu, na makaa yanayowekwa juu yanatoa kaboni monoksaidi yenyewe, juu ya ile ya tumbaku. Wengi wanaopasuliwa ili wapunguze uzito ni wanawake, na wanawake wetu hawavuti hadharani. Tukiuliza sigara peke yake tunawakosa.

Hofu nyingine ni ya kunenepa. Kweli, anayeacha sigara huongezeka kwa wastani kilo nne mpaka tano katika mwaka wa kwanza, na kwa mtu anayepigana na uzito si jambo la kudharau. Lakini angalia kinachokuja mbele yake. Upasuaji utamwondolea kilo nyingi mara kadhaa ya hizo. Kama kuna wakati katika maisha yake ambapo kuacha sigara hakutamnenepesha, ndio huu.

Sasa nirudi kwa yule bwana, kwa sababu yeye hakukosea kabla. Alikosea baada.

Kwenye baipasi, utumbo mwembamba unaunganishwa na kifuko cha tumbo. Utumbo wa pale haukuumbwa kukutana na tindikali ya tumbo. Sehemu ya mwanzo kabisa ya utumbo, iliyoumbwa kwa kazi hiyo, ina tezi za ute unaouhifadhi; kipande kilichopandishwa juu hakina ulinzi huo. Kinachokihifadhi ni damu nyingi inayopita na kukarabati kila siku palipochubuka. Ikija nikotini, damu inabanwa, na mchubuko wa jana haujapona leo unaongezwa mwingine. Kinatokea kidonda palepale kwenye kiungio. Kinaweza kutoka damu, kinaweza kutoboka, na kikitoboka ni upasuaji wa dharura usiku huohuo. Hatari hii haina tarehe ya mwisho: inaweza kuja mwezi wa pili au mwaka wa tano.

Na yeye alikuwa na jambo la pili. Goti. Kilo zilipopungua alianza kutembea, goti likauma, akanunua diklofenaki dukani kama tunavyonunua sote. Diklofenaki, ibuprofeni na ndugu zao zinauondolea utando wa tumbo kinga yake. Sigara na diklofenaki kwa pamoja juu ya baipasi ni jambo ambalo nikilisikia nasimama. Paracetamol ndiyo ya kutumia, na maumivu yakizidi njoo tuzungumze.

Alikwenda Dar kupigwa kamera ya tumbo. Kidonda kilikuwepo, kwenye kiungio hasa. Tukampa omeprazoli, kapsuli anaifungua na kumeza unga wake ili ifanye kazi mapema kwenye tumbo lile dogo, na dawa ya maji ya kukifunika kidonda, na nikamwambia wazi kwamba dawa zote hizo zitakuwa kazi bure bila lile jambo la Alasiri. Alilia kidogo. Akaniambia kitu ambacho nimekisikia kwa wengine tangu hapo. Zamani akiwa na dhiki alikula. Sasa hawezi kula, tumbo linajaa kwa vijiko vitano, na bado dhiki ziko palepale: skuli za watoto, kodi, mama mgonjwa. Barazani wenzake wanakula kashata na halua, yeye anatazama. Sigara ndiyo peke yake iliyobaki anayoweza kushiriki nao.

Sikuwa na jibu la hospitali kwa hilo. Nikamuuliza, hiyo moja ya Alasiri unainunua? Hapana, akasema, anapewa. Basi nikamwomba safari ijayo aje na anayempa.

Alikuja naye, mzee wa makamo, kanzu safi, kofia ya kiua, akakaa ukingoni mwa kiti. Nikamchorea kwenye karatasi kifuko na utumbo, nikatia nukta mahali pa kidonda. Aliitazama ile nukta muda mrefu.

"Mimi ndiye ninayempa," akasema. "Nilidhani keshapona. Alipoondoka tulimwombea dua avuke upasuaji, karudi mzima, mwembamba, nikaona kazi imekwisha. Hakuna aliyetwambia sisi."

Ni kweli, hakuna aliyewaambia. Nilimpa mgonjwa makaratasi, nikampa mkewe ratiba ya supu na uji, na wale anaokaa nao saa mbili kila siku ya Mungu sikuwafikiria hata mara moja. Kwa hiyo sasa, mtu akija kwangu kuanza matayarisho, namwomba mapema aje na mmoja wa barazani kwake, au shoga wa shisha, au yule anayemtengenezea tambuu.

Miezi mitatu baadaye kamera ilipigwa tena, na kidonda kilikuwa kimefunga. Barazani bado anakwenda, kikombe kimoja cha kahawa anakinywa polepole mpaka kinapoa. Yule mzee anavuta bado. Lakini Alasiri haiwashi, anaiweka nyuma ya sikio mpaka mwenzake aende zake nyumbani.