Poha ni nini, na faida zake kiafya ni zipi hasa

Poha ni mpunga uliolowekwa kwenye maji ya moto, ukakaangwa, halafu ukapondwa au kupitishwa kwenye mashine mpaka kila punje inakuwa bapa na nyepesi kama gamba la samaki, maganda yanatolewa, inakaushwa na inaweza kukaa kabatini miezi. Watu wa Pemba na Unguja najua mshaanza kusema hii si pepeta tu, na kweli ni ndugu, ila pepeta yetu hutwangwa kwa mpunga mchanga na huliwa msimu wa mavuno, wakati poha ni ya mpunga uliokomaa na India wanaila mwaka mzima.

Kila upande wa India na mapishi yake. Maharashtra wana kanda poha yenye vitunguu, Indore wanaila asubuhi na jalebi pembeni, vile vitamu vya kukaanga vinavyochovywa kwenye shira (ndio, sukari tupu, wala hawajali), Bihar wanachanganya na mtindi hasa siku ya Makar Sankranti, sikukuu ya mavuno ya katikati ya Januari.

Sasa afya. Gramu 100 za poha kavu zina kama kalori 350, na zaidi ya robo tatu ya uzito huo ni wanga, protini gramu 7 hivi, mafuta kidogo sana. Yaani ni wali, tusidanganyane. Mtu mmoja anatumia gramu 50 hivi kabla ya kuweka mafuta, kwa hiyo ni mlo mwepesi kuliko chapati mbili za kukaanga, na kwa vile haina gluteni, ile protini ya ngano, asiyeweza kula ngano anapata pa kupumulia asubuhi.

Kinachosifiwa sana ni madini ya chuma, na hapa ndipo watu wanakopi bila kuangalia. Jedwali la zamani la lishe la taasisi ya taifa ya lishe ya India, ile ya Hyderabad, liliandika miligramu 20 kwa gramu 100, lile jipya la 2017 likaandika kama 4 na nusu tu, lakini ile 20 bado inazunguka mtandaoni mpaka leo. Hata hiyo 4 si mbaya kwa nafaka, ila chuma cha kwenye mimea mwili unakichukua kwa shida, ndo maana ile tabia ya kukamulia ndimu mwishoni ina akili sana, vitamini C inasaidia chuma kuingia. Na chai ya rangi iliyokolea usinywe hapo hapo, inafanya kinyume.

Kingine, utasikia poha ina bakteria wazuri wa tumboni eti kwa sababu imechachushwa. Mpunga umelowekwa, haujachachushwa, na baadaye umepitishwa kwenye moto, bakteria gani atabaki? Ukila na mtindi sawa, lakini hao ni wa mtindi.

Kwa hiyo faida kubwa inatoka kwenye unachotia sufuriani. Poha nene unaisuuza kwenye chujio, haichukui hata dakika mbili, unaiacha ijitanue, ukiiloweka kwenye bakuli itakuwa uji. Pembeni unachemsha mafuta kijiko kimoja, haradali zikianza kurukaruka unatia karanga, pilipili mbichi, majani ya kari, kitunguu, halafu manjano na chumvi, ndo unamwaga poha, unafunika kidogo, kotmiri na ndimu juu. Karanga zinaleta protini na mafuta yanayokushikilia mpaka mchana, njegere au karoti zinaongeza nyuzinyuzi. Ukiondoa hivyo vyote saa nne tayari una njaa.

Mwenye kisukari asiachie mkono eti kwa sababu ni nyepesi, apime sahani kama anavyopima wali, na akipata ile nyekundu ya mchele usiokobolewa ni afadhali zaidi. Madukani kwa Wahindi, Nairobi au Dar, ulizia nene ya kupika, kwa sababu ile nyembamba ni ya kutengenezea chevda, ule mchanganyiko mkavu wa kutafuna, na ikiguswa na maji tu inavurugika.